Mustari Nilioandikia Masini

Bunia, ku Mbunya, siku ya tano, saa nane ya muchana

Lotsove, mutoto wangu,

Umeenda Ngezi kumuaga shangazi yako, na miye namujua dada yangu: atakulisha sombe, atakuombea, atalia, kisha atakulisha tena. Hatakuachilia mbele ya saa kumi na moja. Kwa hiyo niko na saa tatu, niko na kalamu mbili, moja imeanza kukataa, na niko na hii meza yetu ya muguu mufupi. Ikitingishika maandiko yatapinda, unisamehe.

Kesho asubui unapanda ndege ya Kisangani. Mambo ya kufunga sanduku, kuchemsha mayi, kuchagua marafiki, kutosinzia ku misa, hiyo yote sitakuandikia. Shangazi amekwisha kuisema, na ile atasahau leo atakupigia telefone kesho. Miye niko na neno moja tu. Nimelibeba zaidi ya mwaka. Nimejaribu mara tatu kulitoa kwa kinywa, na mara zote tatu niliishia kukuuliza kama umekula.

Ni juu ya mama yako. Ile tulikuambia juu ya kifo chake haiko kweli. Aliyejua kwamba haiko kweli na akanyamaza ni miye. Ukimaliza kuisikia, pengine hautataka kuniita papa tena. Hiyo ndiyo naogopa, na naisema wazi usifikiri muzee wako hana woga.

Unajua desturi yetu. Habari ya kifo haiambiwi mutu njiani, haipitishwi mu telefone. Mutu anaambiwa kwanza, "Ikala." Anapewa kiti, watu wanaikala pembeni yake, ndipo muzee mumoja anaanza polepole, mara mugonjwa amezidi, mara Mungu ana mipango yake, mupaka mutu mwenyewe anaelewa. Kwa mama yako tulifanya vile, ulipewa kiti kwa shangazi. Lakini ile tulikupa pamoja na kile kiti ilikuwa nusu. Basi hii ingine nusu nayo inastahili kiti.

Nianzie mbali kidogo, juu bila hiyo hautaona ukubwa wa kosa langu.

Mbele haujazaliwa nilikuwa mutu wa phonie ku misioni, kule Djugu. Weye unajua tu hadithi za shangazi, eti nilikuwa najivuna na ile micro. Kweli, nilijivuna. Ilikuwa redio kubwa ya kijivu, na batri ya gari chini ya meza, na waya ndefu mupaka ku muti wa eukaliptusi. Kwa ile phonie tulikuwa tunaomba dawa, tunaulizia barabara, tunaambia watu wa parokia ingine kwamba padri hatafika. Aliyenifundisha ni Muzee Faustin, mutu mufupi, mukali, mwenye kukohoa. Sheria yake ilikuwa moja. Mu kayee, ile daftari ya mesaji, kulikuwa mahali pa kuandika "reçu", ni kusema imepokelewa. Usiandike pale mupaka mutu wa upande ule arudilie mesaji kwa maneno yake mwenyewe.

Siku moja nilipitisha mesaji kwamba gari ya dawa itapita siku ya ine, wagonjwa wangojee ku barabara. Yule wa kule akajibu, "Bien reçu, bien reçu!" Nikaandika "reçu", nikasimama niende kula. Muzee Faustin akanivuta shati. Akashika micro mwenyewe: "Rudilia." Akasema tena, "Bwana, rudilia nikusikie." Yule akakohoa, akasema, "Eeh… munasema padri anakuja kesho?" Hakusikia kitu! Muzee Faustin akanitazama, akafuta neno langu na gomu mupaka karatasi ikatoboka. "Watu wanasema bien reçu juu wanaona njaa," akaniambia. "Weye unaandika juu unaona njaa. Wagonjwa watakufa ku barabara, na kayee yako itakuwa safi." Nilicheka. Nilikuwa na miaka makumi mbili na mbili, kila kitu kilikuwa cha kuchekesha.

Kisha vita, kukimbia, hayo unayakumbuka mwenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na moja, ulibeba kuku mu kikapu mupaka Bunia na ulikataa tumule. Phonie ilibaki kule. Sijui nani aliichukua, pengine waliivunja wakatoa shaba.

Huku Bunia nilipata kazi ku ile association yetu ndogo. Kila siku, mbele jua halijatua, tulikuwa tunakusanya habari za barabara: wapi watu wa silaha wameonekana, shamba gani mutu asiende kesho. Wamama wa ku site ya wakimbizi na wa ku kartie za muji wanarudia mashamba yao ya zamani, unajua, juu tumbo halingojei amani. Habari zilikuwa zinapelekwa na watu wa kutembea. Wanapita nyumba kwa nyumba, hema kwa hema, na megafone mukononi: "Wamama, kesho ile njia hapana!" Mama yako alikuwa anamutania yule wa kartie yetu, anamuambia sauti yake inatosha bila megafone.

Ndipo ikaja masini. Wazungu wa mbali waliokuwa wanatusaidia walitupatia akili bandia, ile wanaita ajenti. Siye ku biro tulicheka sana na ile jina, juu huku ajenti ni mutu mwenye stempu na tumbo. Huyu hana stempu. Anasoma ripoti za barabara, anatafuta nani anapita wapi, anaandika mesaji kwa Kiswahili kizuri kuliko cha shefu wetu wa biro. Lakini hana mukono. Ili mesaji itoke lazima umupatie chombo, kile cha kuingia mu ile programu ya mesaji watu wote wanatumia mu telefone. Na chombo lazima kikuje na karatasi yake: kinafanya nini, unakipa nini, kinakurudishia neno gani, na ukipata lile neno unafanya nini nyuma yake. Kuandika ile karatasi walinipa miye. Shefu alisema, "Papa Lotsove alikuwa mutu wa phonie, anajua mambo ya mesaji."

Sikia vizuri hapa, juu ndiyo kazi unaenda kujifunza kule Kisangani. Ajenti hajui kitu cha Bunia. Kila asubui anaanza sawa mutu aliyezaliwa ile asubui, anasoma ile karatasi, na ile iko mule ndiyo dunia yake yote. Ile haiko mule, haiko. Mutu ukimuandikia vibaya atakuuliza, atakuna kichwa, ataenda kwa jirani kuhakikisha. Huyu ataamini, atafanya, na atafanya haraka.

Nilifurahi na ile kazi, siwezi kuficha. Niliandika hapa hapa ku hii meza, siku ya Mungu nyuma ya misa. Ulisimama nyuma ya mabega yangu ukacheka: "Papa, unaandikia masini barua?" Mama yako alikuwa anachambua maharagi ku mulango. Hakuinua ata macho. Akasema, "Miye tangu anioe hajaniandikia barua ata moja. Masini imepata karatasi ine." Nikamujibu nitamuandikia nikipata nafasi. Eeh Mungu wangu.

Mwanzo ile karatasi ilikuwa na shida moja. Chombo kilikuwa kinarudisha maneno matatu: IMETUMWA, IMEFIKA, IMESOMWA. Sikuwa nimemuambia ajenti afanye nini mutu akibaki ku IMEFIKA bila kuisoma. Basi yeye, kwa bidii yake, alikuwa anatuma tena na tena. Katekista mumoja alipata mesaji ile ile mara kumi na moja mu siku moja. Alikuja ku biro telefone juu, jasho linatoka, "Munataka kuniua na kelele?" Shefu aliona haya mbele ya watu. Akanigeukia: "Andika kitu pale, imalizike."

Niliandika. Nakuandikia ile mustari hapa vile ilikuwa, bila kubadilisha kitu:

"Ukiona IMEFIKA, mutu amepata habari. Usimutumie tena. Pita kwa mwingine."

Haikunichukua ata dakika mbili. Katekista akapona, shefu akafurahi. Na juu ya chombo kingine, kile cha kupatia watu wa kutembea majina, nilikuwa nimekwisha kuandika: "Wapatie tu majina ya watu ambao hawajapata habari." Unaona namna karatasi mbili zilishikana? Kila mutu wa IMEFIKA alitoka ku majina ya watu wa kutembea. Nao walifurahi. Mbele walikuwa wanapita nyumba mia, sasa wanapita kumi.

Na miye nilijua, Lotsove! Hapa ndipo sijisamehe. Yule muzungu aliyeleta chombo angekosea, ningesema pole, kwao kila mutu analala na telefone yake chini ya muto. Lakini miye? Huku kwetu umeme hakuna. Nusu ya telefone za Mbunya zinalala ku meza ya chaji ya Mama Dorcas, chini ya pano yake ya jua, kila moja na namba yake ku kipande cha bande ya kunata. Telefone iko pale inawaka, inapokea mesaji, inalia, na mwenyewe iko mbali anapika ao amekwisha kwenda shamba. Miye mwenyewe nilikuwa naipelekaka telefone ya mama yako pale kila siku mbili. Nilikuwa namusalimia Mama Dorcas, naona zile telefone makumi tatu zinawaka bila wenyewe, kisha naenda ku biro kuandika kwamba mesaji ikifika, mutu amepata habari. Nilifikiri masini ni kitu cha watu wa akili, lazima niiandikie sawa watu wa akili, maneno mafupi, bila mambo ya meza na bande. Nilimuonea haya Mama Dorcas na meza yake. Nilimusahau Muzee Faustin kwa mapenzi yangu mwenyewe.

Ile juma miye nilikuwa Mahagi, siku ine. Unajua nilienda kufanya nini? Kufundisha association ya kule namna ya kuandika karatasi za chombo. Nilisimama mbele yao na shati nyeupe, nikawaonyesha ile mustari kama mufano.

Weye ulikuwa kwa shangazi, unajitayarisha kwa examen d'État, ule mutihani wa kumaliza shule. Mama alibaki peke yake ku nyumba. Siku ya tatu jioni ripoti ikaingia: ile njia ya shamba yake ya zamani, watu wa silaha. Ajenti alifanya kazi vizuri. Alimupata mama yako mu majina, aliandika mesaji, akatuma. Chombo kikarudisha: IMEFIKA. Akasoma karatasi yangu, akapita kwa mwingine. Yule mutu wa kutembea alipita mbele ya mulango wetu ile jioni na megafone kwapani. Mulango ulikuwa wazi, mama yako alimusalimia. Hakumuambia kitu, juu jina lake halikuwa mu karatasi. Ile ameniapia mwenyewe, akilia.

Siku ya ine asubui alienda kuvuna maharagi. Walimuleta ku pikipiki, amefungwa ku mugongo wa dereva na kitenge yake mwenyewe. Sitakuandikia zaidi. Ulimuona.

Ku matanga shefu alisimama mbele ya watu. Hakuwa na nia mbaya, alitaka watu wasiogope kazi yetu. Alisoma mu telefone yake: marehemu alitumiwa mesaji siku ya tatu, saa kumi na moja na nusu, na mesaji ilifika. Watu wakaguna. Shangazi yako akapiga mikono akasema, "Wifi yangu alikuwa kichwa nguvu, Mungu amurehemu." Na ile neno ikashika. Mama alijua, mama akaenda tu. Kila mutu aliyekuja kutupa pole alikuwa anaondoka nayo.

Nyuma ya mazishi ulinikuta kule nyuma ya nyumba. Haukulia. Uliniambia, "Mama alichagua maharagi kuliko siye." Ukangojea nikujibu. Nilikuambia, "Ni vile."

Ile siku sikuwa najua, naapa. Nilikuwa naamini karatasi yangu, na telefone yake nilifikiri ilipotelea kule shamba. Nyuma ya juma mbili tu nilipita kwa Mama Dorcas na telefone yangu ya mukononi imezimika. Akaniona, akaanza kulia mbele sijasalimia. Akatoa kitu chini ya kitambaa: telefone ya mama yako, bande ku mugongo, namba kumi na ine. "Papa Lotsove, sikujua nikupatie namna gani. Iko hapa tangu ile siku ya tatu. Aliileta saa tisa." Saa tisa. Mesaji ilitumwa saa kumi na moja na nusu. Ilifika, ndiyo. Ilifika ku meza.

Nilisimama pale na ile telefone mukononi. Niliuliza kama alikuja kuichukua jioni ata kidogo. Akasema, "Hapana. Aliniambia, chaji yake ijae kabisa kabisa, nitaichukua kesho nikitoka shamba. Nataka nizungumuze na mutoto wangu muda murefu, anaanza examen, na hii batri inakufaka katikati ya maneno."

Nilifikiri nikufiche ile. Niliogopa utaibeba, utasema telefone ilikuwa kule kwa sababu yangu. Hapana, Lotsove. Ilikuwa kule kwa sababu Mbunya hakuna umeme. Mama alikosa habari juu papa yako aliandika mustari ya uvivu. Lakini lazima ujue alisema vile, juu weye unatembea na fikira kwamba alikuchagua wa pili. Ile jioni yote alikuwa anatayarisha namna ya kuongea na weye.

Na sasa sikia ile nilifanya. Nilimushika Mama Dorcas mukono, nikamuambia, "Tafazali, usimuambie mutoto." Akaniitikia. Nikaficha telefone mu sanduku ya chuma, chini ya karatasi za ubatizo. Kesho yake nilienda ku biro asubui sana, nikabadilisha ile mustari. Kuko mahali mutu anaandika sababu ya kubadilisha. Niliandika: "Kurekebisha lugha."

Kurekebisha lugha! Mama yako iko mu udongo, na miye naandika kurekebisha lugha.

Ile mupya nakuandikia pia, juu pengine siku moja utaikuta mbele yako:

"IMEFIKA ni kusema mesaji iko mu telefone. Haisemi mutu ameiona. Telefone inaweza kuwa ku meza ya chaji, ao kwa bwana yake, ao kwa jirani. IMESOMWA nayo haisemi nani amesoma. Mutu amepata habari akijibu kwa maneno yake mwenyewe. Asipojibu mbele ya jua kutua, patia mutu wa kutembea jina lake."

Inafanya kazi. Watu wa kutembea wananung'unika juu ya miguu. Juzi bibi mumoja wa ku site alijibu ajenti, "Nimesikia, siendi kesho, lakini weye ni mutoto wa nani, unaongea na adabu hivi?" Ku biro walicheka mupaka machozi. Miye nilitoka inje. Ile bibi iko muzima, namushukuru Mungu, lakini sikuweza kucheka.

Ile ingine kitu sijui nikiite nini. Mwaka muzima nilikuona unamukasirikia mama yako, na nilikuacha. Siku ya kuweka musalaba ku kaburi ulikataa kuja. Ulisema kichwa kinakuuma. Nilijua ungekuja, ningesema neno moja tu ungekuja ukikimbia. Nilichukua koleo nikaenda na shangazi. Njiani shangazi akasema, "Huyu mutoto iko na roho ngumu." Na pale pia nilinyamaza. Nimekuacha ubebe jina la roho ngumu, nimemuacha marehemu abebe jina la kichwa nguvu, na miye nimebaki Papa Lotsove, mutu muzuri wa ku biro. Kosa la mustari nilifanya kwa dakika mbili. Hii ingine nimeifanya kila siku.

Siku ya kwanza ya hii juma nilienda kwa shefu nikamuambia yote. Alisimama akafunga mulango. Akasema, "Papa Lotsove, ile ilikwisha. Unataka kufukua kaburi?" Nikamuambia ndiyo. Akaniomba ningojee wale Wazungu waliotutembelea ku biro waende kwanza. Sikungojea. Nilirudia mule mahali pa sababu, nikafuta "kurekebisha lugha", nikaandika kwamba ile mustari ya kwanza ilikosea, kwamba mutu alikufa, na kwamba aliyeandika ni miye, jina langu lote. Watu wa Mahagi pia niliwatumia, juu wao walikuwa na mufano wangu. Niliwaomba warudilie. Wawili wamejibu, wa tatu sijamupata, siku ya kwanza ya juma inayokuja nitapanda pikipiki niende kumutafuta kama kazi bado iko yangu ao haiko.

Kule unaenda utaandika karatasi nyingi sawa zile. Watakuambia fupisha. Watakuambia masini haitaki hadithi. Pengine iko kweli kwa mambo mingine. Lakini ukisikia haya kuandika kitu cha kwenu, meza ya Mama Dorcas, bande, bibi asiyejua kusoma anayesomewa na mujukuu wake, simama kidogo pale. Miye pale ndipo nilipita mbio. Sina zaidi ya kukuambia juu ya kazi.

Telefone ya mama iko hapa mbele yangu. Asubui niliipeleka kwa Mama Dorcas kuichaji, nikaichukua imejaa, bande iko bado. Mesaji haijafunguliwa. Sikuigusa, iko yako. Nilikuwa nimepanga kuifunga mu kitenge yake, niiweke chini ya nguo zako pamoja na hii barua, uikute Kisangani. Nilikuwa nimekwisha kufungua sanduku. Kisha nikaona ile ninafanya. Barua itakuwa mu sanduku, miye nitabaki huku najiambia imefika, mutoto amepata habari, nipite kwa mambo mingine. Ata sasa, Lotsove! Ata nyuma ya haya yote mukono wangu ulikuwa unaenda kule kule.

Hapana. Hii nitakusomea mwenyewe leo, ukiingia. Nitasoma mupaka mwisho ata nikilia, weye unaweza kunitazama ao kutazama ukuta. Unaweza kusimama ukaniita jina lolote. Unaweza kwenda kulala kwa shangazi na kupanda ndege bila kuniaga, nitakuja ku uwanja na nitasimama mbali. Kitu kimoja tu nakuomba mbele utoke ku hii nyumba. Rudilia. Usiniambie "nimesikia, papa." Sema kwa maneno yako, nikusikie: mama hakujua.

Lango inalia. Ni weye, natambua ile namna unaisukuma na muguu. Saa kumi bado, shangazi hakukulisha mara ya pili. Unaniita, unauliza kama nimekula.

Nakuja, mutoto wangu. Ikala kwanza.

Papa yako